Kuwaandaa walimu kwa wanafunzi wenye ulemavu zaidi ya mmoja: tuanzie wapi?

Mwl_Buchosa

Habari za kazi, ndugu walimu, wazazi na wataalamu wa afya mlioko humu.

Ninaongoza shule ya msingi ya serikali katika Halmashauri ya Buchosa, upande wa ziwani, na kuanzia Januari tutafungua kitengo cha elimu maalumu ndani ya shule. Vyumba viwili vimekarabatiwa, choo chenye mlango mpana kimejengwa, na majina ya watoto yamekusanywa kupitia watendaji wa vijiji. Majengo hayanisumbui tena. Kinachonisumbua ni walimu.

Nimewapangia kitengo hicho walimu wawili. Mmoja alisoma Patandi, chuo cha ualimu wa elimu maalumu kilichoko Arusha, eneo lake likiwa ulemavu wa akili. Mwingine ni mwalimu wa kawaida aliyejitolea mwenyewe, mwenye subira na moyo wa kazi, lakini hajawahi kumfundisha mtoto mwenye ulemavu wowote. Tatizo ni kwamba watoto tuliowaorodhesha hawakai ndani ya mipaka ya eneo moja. Yupo binti mwenye mtindio wa ubongo (ule unaoathiri misuli na mkao, cerebral palsy) ambaye hasemi, hatembei, na ana kifafa. Yupo mvulana kiziwi ambaye, kwa maelezo ya mama yake, jua likishazama hujigonga kwenye milango na kujikwaa kwenye vyombo. Yupo mwingine mwenye usonji, naye hasemi, ambaye huziba masikio na kupiga mayowe kengele inapolia, na amekwisha kutoroka nyumbani zaidi ya mara moja akielekea mwaloni, ufukweni wanakotia nanga wavuvi. Waliobaki wana ulemavu wa akili peke yake, na kwa hao sina wasiwasi mkubwa.

Vikao vya MEWAKA (mafunzo endelevu ya walimu kazini) shuleni kwetu vinafanyika, hivyo muda wa kukutana upo. Naomba kujua niutumieje hadi Januari kuwaandaa walimu hawa wawili, pamoja na wenzao wa madarasa ya kawaida, ili waweze kumhudumia mtoto ambaye ulemavu wake ni wa mseto. Wapo walionishauri nisubiri hadi walimu wapate nafasi ya kwenda masomoni, na wapo walionishauri niwapokee wale wenye ulemavu wa akili tu, wengine wabaki nyumbani kwanza. Ushauri huo wa pili sitaufuata.

Mstaafu_Misungwi

Mwalimu Mkuu, hongera kwa kuukataa. Nimefundisha elimu maalumu katika Kanda ya Ziwa hadi nilipostaafu, na nitakueleza ninavyoliona jambo hili, ingawa najua wapo watakaonipinga.

Walimu wako wasianze na semina. Waanze kwa kwenda nyumbani kwa watoto, wote wawili pamoja, na kushinda huko kutwa. Waangalie mtoto anakula nini na analishwaje, anabebwaje, anaonyeshaje kwamba amechoka au ana kiu, ni saa zipi za siku anakuwa mchangamfu, na ni nani nyumbani anayemwelewa upesi kuliko wengine. Mara nyingi mtu huyo hawi mama wala baba. Huwa ni dada mdogo anayeshinda naye mkekani. Mtoto asiyesema hakosi mawasiliano. Ana macho, ana pumzi, ana mkono unaokakamaa, ana sauti moja ya njaa na nyingine ya hasira. Kazi ya kwanza ya mwalimu ni kuziandika ishara hizo katika daftari: akifanya hivi, nyumbani huelewa hivi, nasi shuleni tutamjibu hivi. Daftari hilo lisomwe na kila mtu mzima atakayemkaribia, mpishi na mlinzi wakiwamo, kwa sababu mtoto anayejibiwa kwa namna tano tofauti hatatambua kamwe kwamba ishara yake ina uzito.

Baada ya hapo kila mtoto apangiwe lengo moja, au mawili kwa wingi, kwa muhula mzima. Mwalimu aliyezoea darasa lenye watoto themanini huandika katika andalio lake kwamba mwanafunzi aweze kujihudumia chooni, na kufika mwezi wa tatu amekata tamaa, kwa kuwa ndani ya sentensi hiyo moja mna hatua zaidi ya kumi: kuonyesha haja, kufika mlangoni, kushusha nguo, kukaa, na kuendelea. Mwenzetu wa Patandi amefundishwa kuichanganua kazi hatua kwa hatua, naye amfundishe mwenzake kwa kazi nyepesi kama kunawa mikono, tena waanzie mwisho. Yaani mwalimu amsaidie mtoto katika hatua zote isipokuwa ile ya mwisho, ya kujifuta kwa taulo, ambayo mtoto ataimaliza mwenyewe. Akiimudu, aachiwe na inayoitangulia. Kwa njia hiyo mtoto humaliza kila zoezi akiwa amefaulu, na mwalimu naye huona kwamba kuna kinachosogea. Msidharau hilo la pili. Walimu wengi wa vitengo huomba uhamisho kwa sababu hawaoni matunda ya kazi yao, na hawayaoni kwa kuwa walijipimia kwa kipimo kikubwa mno.

Kwa mvulana mwenye usonji, andaeni ratiba ya vitu halisi badala ya maneno: kikombe kwa ajili ya uji, kipande cha mkeka kwa ajili ya kupumzika, mpira kwa ajili ya kutoka nje, vyote vimetundikwa kwa mpangilio wa siku. Shughuli inapoanza anakichukua kitu chake, inapokwisha anakiweka kwenye boksi. Picha zitafuata baadaye. Kengele ipigwe mbali na kitengo, au aonyeshwe ishara kabla haijalia ili isimvamie. Lakini kuhusu kutorokea mwaloni, hilo msilifanye somo. Watoto wengi wenye usonji huvutwa na maji bila kuiona hatari yake, na shule iliyo kando ya ziwa inahitaji uzio, lango linalofungwa, na mtu mmoja anayejulikana kwa jina kuwa ndiye mwenye jukumu la kumwangalia katika kila kipindi.

Mama_wa_Igoma

Shikamoo Mwalimu mstaafu, na habari za jioni, Mwalimu Mkuu.

Mimi si mwalimu, ni mzazi wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo na kifafa, na sasa yuko shuleni. Shule ya kwanza iliyompokea, ambayo sitaitaja, ilitukaribisha kwa maneno mazuri sana, kisha ikawa inanipigia simu karibu kila siku nikamchukue: amejichafua, analia, mwalimu wake ana kikao. Nilikuwa nikifunga genge langu na kupanda daladala. Nataka niseme kwa haki kwamba walimu wale hawakuwa na roho mbaya. Walikuwa na hofu. Waliogopa kumshika, waliogopa kumlisha, na zaidi ya yote waliogopa asije akafia mikononi mwao. Hofu hiyo haikuondoka kwa kuambiwa kwamba mtoto mwenye ulemavu ana haki ya kusoma. Haki hiyo waliijua.

Katika shule aliyopo sasa, mwalimu wake aliniomba niwe naye darasani mwanzoni. Sikwenda kumhudumia mtoto, nilikwenda kumwangalia mwalimu akimhudumia. Alimlisha yeye, mimi nikimwambia hapa ngoja ameze, hapa punguza kijiko. Alimbadilisha nguo yeye. Kifafa kikamshika mtoto nikiwapo, mwalimu akaona kwamba kinapita. Tangu hapo simu za kuitwa zikawa za nadra.

Kwa hiyo nakuomba, Mwalimu Mkuu, uwatumie kina mama kuwa wakufunzi wa walimu wako, lakini uwawekee mwisho. Namfahamu mama mwenzetu aliyeombwa kusaidia kidogo tu, akaishia kuwa msaidizi wa darasa bila malipo mwaka mzima, na biashara yake ya dagaa ikafa. Baba wa mtoto naye aitwe, asiitwe kwa michango tu.

Jambo dogo la huko kwenu: wapishi waelezwe kwamba samaki mwenye miiba hafai kabisa kwa binti huyo. Dagaa nao wapondwe hadi wawe laini ndipo wachanganywe na chakula.

Fiziotherapia_Nyamagana

Naungana na Mama wa Igoma kwamba hofu ndiyo kikwazo, nami naongeza kwamba hofu ya namna hiyo hutibiwa kwa mikono, si kwa maelezo. Hata hivyo nina tahadhari moja kuhusu ushauri wa Mzee wetu wa Misungwi. Kwenda nyumbani ni jambo jema, lakini si kila kinachofanyika nyumbani ni salama. Mara nyingi tunakuta mtoto mwenye mtindio wa ubongo akilishwa akiwa amelala chali, au kichwa kikiwa kimerudishwa nyuma ili uji uteremke haraka. Chakula kinachoingia kwenye njia ya hewa ndicho kinachomletea nimonia za kila mara, ambazo familia huzichukulia kuwa ni baridi. Mwalimu akienda kuiga bila kuwa na mtaalamu, ataibeba desturi hiyo hadi shuleni. Ombeni mtaalamu wa viungo au tabibu wa kituo cha afya awape walimu walau alasiri moja ya vitendo, mtoto mwenyewe akiwapo na mzazi wake akiwapo.

Siku hiyo wajifunze kwanza mkao. Binti huyo aketi wima, nyonga na magoti yakiwa yamekunjwa kwa takriban digrii 90, nyayo zimekanyaga kitu kigumu, na kidevu kimeinama kidogo mbele wakati wa kula. Kiti cha kona cha mbao, chenye kimeza mbele, kinaweza kutengenezwa na fundi seremala wa kijijini kwenu akipewa vipimo vya mtoto. Msishangae mkiona mtoto ambaye alionekana hashiki kitu anaanza kunyoosha mkono: mwili uliokuwa ukipigana usianguke sasa umepata nafasi ya kufanya jambo lingine. Asikae mkao mmoja kutwa, abadilishwe mara kwa mara. Mkimbeba, pindeni magoti, msiinamishe mgongo, na akiwa mzito abebwe na watu wawili, kwa sababu mgongo wa mwalimu ukiumia kitengo kizima kinasimama.

Kuhusu kifafa, kila mtu shuleni ajue haya, na wanafunzi wakubwa pia: mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu yake, legeza nguo shingoni, na utazame saa. Usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, usimkandamize, usimpe maji kabla hajazinduka. Ikizidi dakika 5, au akishikwa tena kabla fahamu hazijamrudia, apelekwe hospitali. Povu lake haliambukizi. Imani hiyo bado ipo vijijini na ndiyo inayowafanya watu wamkimbie mtoto. Pia andikeni jina la dawa yake na saa anazozimeza. Fenobabitali, kwa mfano, inaweza kumfanya mtoto asinzie au, kinyume chake, ahangaike asitulie, na mwalimu asiyejua hilo atadhani ni uvivu au utundu.

Mchunguzeni binti huyo pia macho. Katika mtindio wa ubongo jicho laweza kuwa zima ilhali ubongo haufasiri vizuri kinachoonekana, ndiyo maana mtoto anaona leo na kesho kama haoni. Mpeni kitu kimoja kwa wakati mmoja, chenye rangi kali kama nyekundu au njano, juu ya kitambaa cheusi kisicho na maua, mkisogeze kidogo, kisha msubiri. Walimu wetu hawajazoea kusubiri.

Kwa yule mvulana kiziwi msingoje Januari. Mtoto asiyesikia ambaye haoni gizani anaweza kuwa na upungufu wa vitamini A, ambao unatibika, au ugonjwa wa kurithi unaoanza kwa kuondoa uwezo wa kuona usiku kisha kuubana uwanja wa macho mwaka hadi mwaka. Apelekwe kwa daktari wa macho katika hospitali ya Bugando, jijini Mwanza. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025 safari hiyo haitegemei tena foleni ya kivuko. Majibu ya daktari ndiyo yatakayowaambia walimu kama wamfundishe lugha ya alama kwa namna ya kawaida, au waanze mapema kuzitoa alama ndani ya eneo dogo mbele ya kifua, na baadaye kwa kumgusisha mikono. Kwa sasa mwalimu asisimame dirishani akiwa ameupa mwanga mgongo, kwa sababu mtoto ataona kivuli tu.

Mkufunzi_wa_Ualimu

Ninafundisha katika chuo cha ualimu hapa kanda ya ziwa, na naomba nimtetee kidogo mwalimu wa kawaida, halafu nipingane kwa heshima na Mzee wangu wa Misungwi.

Mfumo wetu umewaandaa walimu wa elimu maalumu kwa kufuata aina za ulemavu. Kwa miaka mingi mwanachuo wa Patandi amechagua eneo, iwe ni wasioona, viziwi, au ulemavu wa akili, na mpango huo ulikuwa na mantiki yake, kwani nukta nundu (maandishi ya wasioona) na Lugha ya Alama ya Tanzania zinahitaji muda mrefu kuzimudu. Mtoto mwenye ulemavu wa mseto ndiye aliyeachwa katikati. Akipelekwa kwa mwalimu wa viziwi anaambiwa haoni vizuri, akipelekwa kwa mwalimu wa wasioona anaambiwa hasikii. Mwanachuo wa ualimu wa kawaida naye hupata somo la utangulizi tu, na anaweza kumaliza mazoezi ya kufundisha bila kumkaribia mtoto hata mmoja wa aina hii. Haya yanatokea ilhali nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, ambao ibara yake ya 24 inataja waziwazi wajibu wa kuwafundisha walimu na watumishi wa ngazi zote za elimu, na mwaka uliofuata tukatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Tusidhani pia kwamba ni sisi peke yetu. Uingereza inamtaka mwalimu wa darasa la viziwi, la wasioona, au la wenye upungufu wa kuona na kusikia kwa pamoja apate sifa ya ziada ndani ya miaka mitatu. Hata hivyo mapitio yaliyoagizwa na serikali yao na kuongozwa na Toby Salt mwaka 2010 yalionyesha kwamba huko nako walimu wa watoto wenye ulemavu mkubwa na wa mseto ni haba.

Sasa, Mzee anasema wasianze na semina. Nakubali kwamba semina ya siku mbili hotelini haimwandai mtu. Lakini kumtazama mtoto bila kujua unachokitafuta nako hakutoshi, kama mwenzetu wa fiziotherapia alivyoonyesha. Ningependekeza vikao vya MEWAKA vigeuzwe: kila kikao kimhusu mtoto mmoja. Mzazi akiridhia kwa maandishi, mwalimu amrekodi mtoto kwa simu kwa dakika chache akiwa anakula au anacheza, kisha walimu wote waitazame video hiyo mara mbili, mara ya pili bila sauti, na waulizane mtoto amefanya nini kabla ya mwalimu kumgusa, mwalimu amejibu nini, na wiki ijayo wajaribu kubadilisha jambo gani moja. Nadharia iletwe pale swali linapozuka. Mtu akiuliza kwa nini mkono umekakamaa, hapo ndipo asome kuhusu mtindio wa ubongo, na hatasahau. Video hizo zifutwe baada ya kikao na zisiingie kamwe katika makundi ya WhatsApp. Kuna shule zimejiharibia kwa wazazi kwa njia hiyo.

Nawe usimwache yule wa Patandi awe mtaalamu wa kila kitu. Nimeona mara nyingi mwalimu mmoja mwenye cheti cha elimu maalumu akibebeshwa kila mtoto ambaye wenzake hawamtaki, hadi anachoka na kuondoka, na kitengo kinafungwa.

Mwl_Buchosa

Nawashukuru sana. Nimekwisha kuzungumza na wazazi wa yule mvulana kuhusu Bugando, na mganga wa kituo chetu cha afya amekubali kutoa alasiri moja mwezi ujao. Ziara za nyumbani zitafuata baada ya hapo, badala ya kutangulia, nadhani Mzee wa Misungwi ataniwia radhi.

Limebaki jambo moja. Nilipoyaeleza haya katika kikao, walimu wawili wa madarasa ya juu walisema wazi kwamba wao hawakuajiriwa kubadilisha watoto nguo, na kwamba mambo ya kitengo yaishie kitengoni. Sitaki kuwalazimisha kwa barua. Nifanyeje?

Mstaafu_Misungwi

Ratiba yako ni sawa, sina kinyongo. Mwenzetu wa fiziotherapia amesema kweli kuhusu kulisha.

Hao wawili usiwapangie kazi ya nguo wala ya choo. Hiyo itafutiwe msaidizi, na kamati ya shule ikae na wazazi na serikali ya kijiji kuona atalipwa vipi. Wape kazi wanayoiweza na ambayo mtoto anaihitaji: mvulana mwenye usonji aende kwenye darasa la mmoja wao kipindi cha michezo au cha uchoraji, akiwa na mwalimu wa kitengo, kwa dakika chache zinazoongezwa polepole. Kabla hajaenda, mwalimu huyo akutane na daftari la ishara na akae na mama yake mtoto. Wakati wa kikao cha video, huyo ndiye aulizwe ameona nini. Asipokuwa na la kusema kikao cha kwanza, mwache. Kikao cha pili atakuwa nalo.

Mama_wa_Igoma

Naongeza kuhusu msaidizi, Mwalimu Mkuu. Awe mwanamke kwa ajili ya yule binti, wazazi wamjue na kumkubali kabla hajaanza, na asiwe peke yake na mtoto nyuma ya mlango uliofungwa. Mlimpangia choo chenye mlango mpana. Wekeni na pazia, ili asitirike huku mtu mzima mwingine akiwa karibu wa kusikia.